Kinga ya mwili inavyofukia moto wa mafuta

Kichanga hakijui kutetemeka vizuri. Mtu mzima akipigwa na baridi, misuli hutetemeka na joto likapatikana. Kichanga hutegemea mafuta ya kahawia yaliyo kati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo. Mafuta meupe huweka akiba. Haya ya kahawia huunguza.

Siri yao ni protini iitwayo UCP1, iliyomo kwenye mitokondria za seli hizo. Kwa kawaida mitokondria hugeuza chakula kuwa nishati ya kufanyia kazi. UCP1 huivujisha nishati hiyo, ikatoka kama joto. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mafuta haya huisha utotoni, hadi mwaka 2009 tafiti zilizofanywa Ulaya na Marekani zilipoonyesha kwamba watu wazima wengi bado wanayo, na yanafanya kazi.

Nini basi huyazuia kuwaka?

Sehemu ya jibu imo kwenye kinga ya mwili. Mtu anaponenepa sana, seli za mafuta hujaa na kuvuta askari wa kinga, ambao humwaga kemikali za vita kama TNF. Hakuna kidonda wala homa, ila uvimbe wa chini kwa chini usiokwisha. Hali hiyo huamsha IKK-epsiloni, protini ambayo kazi yake inayojulikana ni kupitisha taarifa ndani ya seli virusi vinapoingia. Ikiamka ndani ya mafuta, seli huwa nzito kusikia homoni za jamii ya adrenalini, ambazo ndizo huamuru mafuta yavunjwe na kuunguzwa.

Mpishi wa jiko la mkaa anaujua mtindo huu: ukitaka makaa yadumu, unayafukia kwa majivu. Moto haufi, lakini chungu hakichemki.

Mwaka huohuo wa 2009, maabara ya Alan Saltiel katika Chuo Kikuu cha Michigan ilieleza habari za panya wasio na IKK-epsiloni. Walilishwa chakula chenye mafuta mengi, lakini hawakunenepa kama wenzao, na miili yao ilitoa joto zaidi. Mwaka 2013 watafiti hao waligundua kwamba amleksanoksi, dawa ya zamani iliyotumika Japani kwa pumu na Marekani kwa vidonda vya mdomoni, huizuia protini hiyo. Panya wanene waliopewa dawa walipungua.

Kwa binadamu mambo hayakuwa mepesi hivyo. Jaribio lililochapishwa 2017 lilihusisha watu 42 wenye unene na kisukari aina ya pili. Baadhi ya waliopewa dawa walishuka sukari, wengine hapana. Walioitikia ndio waliokuwa na dalili zaidi za uvimbe tangu mwanzo.

Kwa hiyo anayeuziwa vidonge vya "kuwasha mafuta" aulize ushahidi kwanza. Amleksanoksi yenyewe haijaidhinishwa kuwa dawa ya kupunguza unene.