Uzito Ukigoma Kushuka, Dawa Haijashindwa

Miezi ya mwanzo huwa mitamu. Mtu anachoma sindano mara moja kwa wiki, hamu ya kula inapungua, na sahani ya wali aliyokuwa akiimaliza na kuongeza sasa inamshinda nusu. Mkanda unakazwa tundu moja, kisha jingine. Halafu, mwaka ukikaribia kutimia, kilo zinagoma. Wiki inapita, mwezi unapita, mizani inasoma vilevile. Hapo ndipo wengi huanza kuamini kwamba dawa imeisha nguvu, au kwamba wao wenyewe wameshindwa. Baadhi huacha kimyakimya bila kumwambia daktari.

Kwa wengi, kuacha wakati huo ni hatua mbaya kuliko zote, na sababu zake zinajulikana.

Dawa ninazozizungumzia ni semaglutaidi, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, na tirzepataidi, iliyomo ndani ya Mounjaro. Zote zilianza kutumika kutibu kisukari aina ya pili. Huiga homoni zinazotolewa na utumbo baada ya kula, hivyo chakula hukaa tumboni muda mrefu zaidi na ubongo hupata ujumbe wa shibe mapema. Katika miji yetu, anayezitumia kwa ajili ya kupunguza mwili mara nyingi huzilipia mfukoni mwake, na si fedha ndogo. Ndiyo maana mizani ikigoma, machungu yake ni makubwa.

Utafiti uliozipa dawa hizi umaarufu ulichapishwa mwaka 2021. Watu 1,961 kutoka nchi 16 walifuatiliwa kwa wiki 68, na waliopata semaglutaidi walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Takwimu hiyo imetangazwa kila mahali. Kisichotangazwa ni jinsi uzito ulivyoshuka: kwa kasi mwanzoni, polepole baadaye, na ilipofika karibu wiki ya 60 ukasimama. Hawa walikuwa watu waliopewa ushauri wa chakula kila baada ya wiki nne, na dawa yao haikukatika. Bado uzito ulisimama. Utafiti mwingine uliendelea hadi miaka miwili, na waliotumia dawa wakawa wamepungua kwa asilimia 15.2. Ukilinganisha, utaona kwamba mwaka wa pili hauongezi kitu cha maana. Lakini pia kilo zilizotoka hazikurudi, na hilo ndilo jambo kubwa.

Ili kuelewa ukubwa wake, lazima tujue mwili unafanya nini mtu anapopungua. Mwili hauna habari kwamba daktari amekushauri upunguze uzito. Unaona akiba inaisha, nao unajihami. Mwaka 2016, mtafiti wa Marekani Kevin Hall na wenzake walitumia takwimu za wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakimeza dawa inayotoa sukari mwilini kupitia mkojo. Wagonjwa hao walikuwa wakipoteza kalori kila siku bila wao kuhisi chochote, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kujinyima wala kujizawadia chakula. Hata hivyo, kadiri walivyopungua ndivyo walivyokula zaidi. Watafiti walikadiria kwamba kwa kila kilo moja inayotoka, hamu ya kula hupanda kwa takriban kalori 100 kwa siku. Wakati huohuo matumizi ya nishati ya mwili hushuka, kwa kalori 20 hadi 30 hivi kwa kila kilo.

Chukua mtu aliyeanza na kilo 100 akafika 85. Kwa makadirio hayo, mwili wake sasa unatumia kalori 300 hadi 450 pungufu kila siku, na njaa inayomsukuma ni ya kalori 1,500 zaidi ya alipoanza. Dawa ni mkono unaoushikilia mlango usifunguliwe na upepo huo wa njaa. Ikifika siku nguvu ya mkono na ya upepo zikalingana, mlango unasimama palepale, na uzito unagoma. Ondoa mkono uone. Washiriki wa ule utafiti wa kwanza waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza.

Kwa hiyo swali la kwanza si jinsi ya kushusha kilo nyingine. Swali ni kama huku kweli ni kusimama kwa aina hiyo, au kuna kitu kimeharibika njiani. Wiki mbili za mizani kutotikisika hazitoshi kujibu. Chumvi, hedhi na kufunga choo, ambako ni kero ya kawaida ya dawa hizi, vinaweza kuficha kilo moja au mbili. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, kwa sababu kiuno kinaweza kuendelea kupungua wakati mizani imenyamaza.

Kisha angalia dozi. Semaglutaidi huanza na miligramu 0.25 kwa wiki na kupandishwa kila baada ya wiki nne. Katika utafiti ule wa 2021 ilifika miligramu 2.4. Mtu anayebaki kwenye dozi ya mwanzo ili kalamu moja ikae muda mrefu hawezi kusema dawa imeshindwa, maana hajaifikia dozi hiyo. Joto nalo lina sehemu yake. Kalamu ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, bila kugandishwa, na ikishaanza kutumika haipaswi kukaa penye joto la kupita nyuzi 30. Katika Dar es Salaam au Mombasa ya Januari, umeme ukikatika mchana kutwa, hilo si jambo la kupuuza. Na zipo bandia: Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari Juni 2024 baada ya Ozempic bandia kukamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kalamu iliyoletwa na rafiki wa rafiki kwenye mfuko wa nailoni isiwe yako.

Zipo pia dawa nyingine zinazovuta uzito juu: insulini, dawa za jamii ya steroidi, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Usiziache kwa uamuzi wako. Mtajie daktari.

Chakula kinahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu waaminifu kabisa hujikwaa. Sindano inanyamazisha njaa, lakini mazoea hubaki. Mtu hawezi kumaliza ugali na samaki, basi anaacha samaki, anakunywa chai ya maziwa na andazi kwa sababu ndivyo vinavyopita kooni bila kichefuchefu. Jioni anakula mchicha, anahesabu kwamba amekula majani tu. Vijiko vikubwa vitatu vya mafuta kwenye mchicha huo ni kalori zaidi ya 350, na hizo peke yake zinalingana na zile kalori 300 hadi 450 ambazo mwili umeacha kuzitumia. Soda na juisi zenye sukari hupita bila tumbo kuzihesabu.

Kubwa zaidi ni misuli. Washiriki wachache wa utafiti ule walipopigwa picha za mwili, ilionekana kwamba karibu asilimia 40 ya kilichopotea hakikuwa mafuta. Misuli ikipungua, nguvu hupungua, na mwili hutumia nishati pungufu zaidi. Wataalamu wengi hupendekeza gramu 1.2 hivi za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye lazima aongozwe na daktari wake. Tumbo dogo lianze na mayai, dagaa, maharage, kunde au maziwa mgando, wali na ugali vifuate. Nao mwili ufanyishwe kazi ya nguvu, si kutembea peke yake: kuinuka na kukaa kwenye kigoda bila kushika kitu, kusukuma ukuta, kuinua dumu la lita tano. Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha kuanza.

Chai za kukata tumbo zinazouzwa mitaani ziache kabisa. Nyingi hukuharisha tu, ukapoteza maji, na anayetumia sindano hizi tayari yumo hatarini kupungukiwa maji.

Lipo na jambo la watu. Kwetu, anayepungua huulizwa kama anaumwa. Shangazi anapika zaidi, rafiki anasema uso umekwisha. Uzito ukigoma, walewale wanasema walijua tangu mwanzo sindano hizo ni utapeli. Mgonjwa anaubeba mzigo huo peke yake, na wengi wameficha kwamba wanatumia dawa, hivyo hawana wa kumuuliza. Naomba ndugu na marafiki wapunguze maneno. Mtu aliyetoka kilo 100 akafika 85, sukari na presha zikashuka, ameshapata afya hata kama alitamani kufika 70. Wapo pia ambao dawa haiwafai: katika utafiti ule, karibu mtu 1 kati ya 7 hakufikisha asilimia 5. Hao wabadilishiwe tiba bila kulaumiwa.

Madaktari na wafamasia wanaotoa dawa hizi wamweleze mgonjwa siku ya kwanza, kabla hajalipa, kwamba uzito utasimama na kwamba dawa itaendelea kuhitajika baada ya hapo, ili apange fedha zake akijua. Nawe ambaye mizani yako haijasogea mwezi wa tatu sasa, usijiongezee dozi na usiache peke yako. Nenda kwa daktari ukiwa na kalamu unayotumia, dawa zako nyingine zote, na maandishi ya ulichokula na kunywa kwa siku tatu.