Saa Inayojua Sekunde, Isiyojua Mwaka

Ni kisanduku cha chuma kinachoenea kwenye mfuko wa shule, na kinahesabu sekunde kwa usahihi ambao saa ya ukutani haitaufikia kamwe. Kila sekunde inapotimia kinatoa pigo moja la umeme, na pigo hilo halipishani na saa za setilaiti za GPS hata kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ukikiuliza leo ni tarehe ngapi, kinakutajia siku iliyopita karibu miaka 20.

Nilifika nyumbani kwa mwenye kisanduku, hapa Dar es Salaam, kwa habari nyingine kabisa. Nilitaka kujua vifaa vya minara ya simu huishia wapi mitambo inapobadilishwa. Ile habari bado sijaiandika, kwa sababu nilipoonyeshwa skrini yenye tarehe mbili, moja ya leo na nyingine ya miaka ile, mengine yote yalinitoka kichwani.

Mzee huyu ni fundi mstaafu wa mitambo ya redio. Ameniomba nisitaje jina lake wala mtaa wake. Chumba ambacho zamani kilikuwa cha wageni sasa kina meza moja ndefu, betri mbili, inveta, feni, na waya wa antena unaopita dirishani kwenda juu ya paa. Kisanduku chenyewe ni Trimble Thunderbolt. Vifaa vya aina hiyo vilitengenezwa kuongoza muda wa vituo vya simu. Mitandao ya zamani ilipozimwa viling'olewa, vikapita mikononi mwa wauza vyuma na vifaa chakavu, vingi vikauzwa kutoka China kwa yeyote aliyevitaka. Cha kwake kililetwa na mpwa wake.

"Ndani yake mna kristali ya kwatzi iliyofungiwa kwenye kijitanuri ili joto lisibadilike," alinieleza. "Kristali inashika sekunde kwa muda mfupi, setilaiti zinairekebisha kwa muda mrefu. Hapo hakuna cha kukosoa. Mwaka ndio imepoteza."

Kisa cha kuupoteza kinastahili kuelezwa chote. Setilaiti za GPS, kwa utaratibu wake wa awali, hazitangazi mwaka. Zinatangaza namba ya wiki, na sekunde ngapi zimepita ndani ya wiki hiyo. Namba ya wiki ilipewa biti 10 tu, kwa hiyo inahesabika kutoka 0 hadi 1023, kisha inarudi 0. Hesabu ilianza Januari 1980, ikajirudia Agosti 1999, ikajirudia tena Aprili 2019. Kazi ya kukisia tuko kwenye mzunguko wa ngapi imeachiwa kifaa kinachopokea, na kifaa hukisia kwa kutumia tarehe ambayo mtengenezaji aliipachika ndani yake tangu kiwandani. Makisio hayo yana mwisho. Kwa Thunderbolt mwisho ulikuwa 30 Julai 2017. Siku hiyo vifaa hivi viliruka nyuma wiki 1024 na kutangaza kwamba ni 14 Desemba 1997. Tangu hapo vimekuwa vikisonga mbele sekunde kwa sekunde bila kosa, vikiwa vimechelewa miaka 19 na miezi saba na ushee.

Pigo la sekunde halikutetereka hata siku ile. Hicho ndicho kilichonisumbua. Tumezoea kudhani kwamba anayejua kidogo kabisa cha wakati lazima ajue na kikubwa, kwamba aliyeishika sekunde hawezi kukosa kalenda. Mzee aliona ninavyokikodolea macho kile kisanduku. "Mwanangu, sekunde inapimwa," alisema. "Mwaka hakuna kifaa kinachoupima. Mwaka unaambiwa."

Anayekiambia ni kikompyuta kilicho pembeni yake, kinachoenea kiganjani. Humo mna programu iitwayo Lady Heather, iliyoandikwa na wapenzi wa saa na kutolewa bure. Programu inasoma tarehe ya kisanduku, inaona kwamba mwaka huo haukubaliki, inaongeza wiki 1024, kisha inachora. Na hapa kisa kinazidi kunoga. Kikompyuta hicho ni Raspberry Pi ya toleo la zamani, na hakina saa inayoendelea kutembea umeme ukizimwa. Kompyuta ya kawaida ina kijibetri kidogo kinachoitunzia tarehe. Raspberry Pi ilipoingia sokoni mwaka 2012 kwa dola 35, kijibetri na saa yake vilikuwa miongoni mwa vilivyoachwa ili bei ishuke, na saa hiyo ikaendelea kukosekana hadi toleo la tano la mwaka 2023. Kikompyuta kikizimika saa nne usiku na kuwaka alfajiri, kinaamka kikiamini ni saa nne ile ile.

Kwa hiyo asubuhi baada ya kuzimika huko, mezani pana viwili. Kimoja kinajua sekunde hakijui mwaka, kingine kinajua mwaka hakijui hata saa. Vinakaa dakika chache vikiambizana kwenye waya, na vikimaliza, chumba kile kinajua wakati kuliko ofisi nyingi za mjini. Niliomba anizimie ili nione. Alikataa kwa upole, maana kristali ikipoa huchukua siku kadhaa kutulia.

Nilitegemea kwamba mwenye saa ya namna hii angeitafutia kompyuta yenye nguvu. Yeye anasema nguvu haimsaidii kitu. Kompyuta haipimi muda hapa. Inasikiliza mapigo, inaandika namba, inachora mstari. Kazi hiyo ingewezwa na kompyuta ya miaka 20 iliyopita. Anachotafuta ni masikio, na uwezo wa kukesha.

Alianza na desktopu ya mtumba kutoka Kariakoo, aliyoichagua kwa sababu moja: nyuma ilikuwa na lile tundu la pini tisa ambalo kompyuta za sasa hazina. Pigo la umeme likigusa pini moja ya tundu hilo, kompyuta inaacha inachofanya na kuandika wakati papo hapo. Ilimfaa, ila ilikula umeme mchana na usiku, na mkewe hakupenda mlio wa feni yake. Akahamia laptopu, yenye betri yake ndani, jambo la maana sana kwetu. Lakini laptopu ilikuwa na matundu ya USB tu, na kifaa cha USB hakiwezi kuikatiza kompyuta. Kompyuta ndiyo inayoamua lini ikiulize kifaa kama kina neno, na kwa USB ya zamani inauliza mara moja katika kila sehemu moja ya elfu ya sekunde.

"Mgeni amefika, anabisha hodi," alisema, "lakini mlango hufunguliwa kwa ratiba. Utaandika kwamba amefika saa ya mlango, siyo saa yake."

Sehemu moja ya elfu ya sekunde ni muda ambao wimbi la redio husafiri kilomita 300. Kwa mtu anayepima vitu vya sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ambamo wimbi husafiri sentimita 30, kuchelewa huko ni kwingi mno. Laptopu ile ilikuwa pia na tabia ya kujizima na kujiwasha usiku ili ijisasishe, na kila ilipofanya hivyo mstari wa vipimo ulikatika.

Raspberry Pi ndiyo iliyomtuliza. Inakula umeme mdogo kiasi kwamba betri zake huivusha usiku mzima. Haina feni. Ina pini ambazo pigo linaweza kuzigusa moja kwa moja. Pini hizo zinavumilia volti 3.3 tu, na Thunderbolt hutoa volti 5. Kikompyuta chake cha kwanza kiliungua kwa ajili hiyo, na tangu hapo risista mbili zimekaa katikati ya waya. Adui wa pili alikuwa kadi ya kumbukumbu. Umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, mafaili huharibika. Sasa vipimo huandikwa kwenye diski, na nakala hupelekwa kwenye ile laptopu, ambayo imepunguziwa kazi ikabaki kuwa skrini.

Hata kikompyuta chenyewe kina kristali yake, isiyo na kijitanuri, inayokwenda mbio au kuzorota kwa joto la chumba. Wapo wapenzi wa saa huko ng'ambo wanaokipa kikompyuta kazi isiyo na maana, mahesabu ya bure, ili kichemke kiasi kile kile usiku na mchana na kristali itulie. Mzee amelijaribu hilo. Kwa joto la Dar, anasema, haikuhitaji msaada mkubwa.

Alinisomea mstari wa joto kwenye skrini, kwa kidole. Hapa feni iliwashwa. Hapa mjukuu alifungua mlango akaondoka bila kuufunga. Hapa mvua ilinyesha. Sikuwahi kufikiri kwamba siku nzima ya nyumba inaweza kusomwa kwenye saa, na nilibaki nikitazama hadi chai ikapoa.

Mzee ana mtu mmoja anayemtaja kwa heshima. Mwaka 2005 Mmarekani Tom Van Baak alipakia saa tatu za atomi za sesiamu kwenye gari la familia, pamoja na watoto wake watatu, akapanda nazo Mlima Rainier katika jimbo la Washington wakakaa mwisho wa juma. Juu mlimani muda huenda kasi kidogo kuliko bondeni, kama alivyosema Einstein. Saa ziliporudi zilikuwa zimezitangulia zilizobaki nyumbani kwa nanosekunde 20 na kitu. Mzee ameshapiga hesabu ya Lushoto, kimo cha mita kama 1,400: nanosekunde 13 hivi kwa siku. Kisanduku chake hakiwezi kulionyesha hilo, kwa kuwa kinafuata setilaiti. Angehitaji sesiamu, na zaidi ya moja, kwa sababu saa mbili zikitofautiana huwezi kujua ipi imekosea. Hana hata moja. Hesabu ameitunza.

Nilimuuliza vipimo hivi vyote ni vya nini. Hakuna ofisi inayovisubiri. Aliwaza, akasema alitumia umri wake wa kazi kuhakikisha minara inakubaliana kuhusu sekunde, na hakuna aliyewahi kumuuliza sekunde hiyo inatoka wapi. Sijui kama hilo ni jibu, ila nililiandika.

Lipo pia suala la mwaka 2038. Kompyuta zinazohesabu sekunde kwa biti 32 zitaishiwa nafasi 19 Januari mwaka huo, na zisiporekebishwa zitaruka nyuma hadi Desemba 1901. Novemba ya mwaka huo huo namba ya wiki ya GPS itarudi 0 kwa mara ya tatu. Kikompyuta chake kinatumia programu ya biti 32. Akitaka kukihamishia mpya atalazimika kusimamisha vipimo, na anaahirisha.

"Miaka hiyo nitakuwa na umri gani, piga hesabu mwenyewe," aliniambia. Nikamuuliza nani atakibadilishia. Laptopu, alisema, wajukuu wanaitaka kwa ajili ya shule. Antena fundi yeyote atajua matumizi yake. Kuhusu mafaili ya vipimo aliniuliza mimi, kwa kuwa natoka gazetini, kama namfahamu mtu wa kuyapokea.