Kutoka Kasikeu Hadi Baharini kwa Gari: Mambo ya Kujua kwa Mume na Mke Wanaopanga Safari

Watu wa Kasikeu huijua barabara ya Mombasa kabla hawajaijua Mombasa yenyewe. Ukiteremka hadi Sultan Hamud unaikuta, na malori ya makontena yakipita mchana na usiku. Hata hivyo, wengi wetu hufika Pwani kwa sababu ya kazi, msiba au kumpeleka mtoto chuoni. Mume na mke kufunga safari kwa ajili ya kutembea tu, waone bahari na wale samaki, bado ni jambo ambalo majirani hulizungumzia.

Si safari ya matajiri peke yao. Kutoka Sultan Hamud hadi Mombasa ni kilomita zipatazo 370, na barabara ni moja bila kona ya kukupoteza. Lakini ni barabara inayoua, na ni safari inayoweza kumaliza pesa za mavuno kwa siku tatu ikiwa hamkupanga. Makala haya yanaeleza mambo ambayo wanandoa wanafaa kuyajua kabla ya kuwasha gari.

Kwanza, wakati wa kwenda. Mvua zetu za kutegemewa ni za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na kufikia Februari wengi huwa wamevuna mahindi na pojo. Bahati nzuri ni kwamba huo ndio msimu wa upepo wa kaskazi huko Pwani: bahari imetulia, maji ni maangavu, na umati wa Krismasi umesharudi nyumbani. Desemba vyumba hupanda bei na barabara hujaa. Kuanzia Aprili hadi Juni ni masika. Mvua ni nyingi na upepo wa kusi huichafua bahari. Vyumba ni nafuu wakati huo, ila mnaweza kukaa siku mbili mkitazama mvua dirishani.

Barabarani

Ondokeni alfajiri, si usiku. Wapo wanaopenda kusafiri usiku wakisema jua ni kali na injini itachemka. Hesabu hiyo haifai. Sehemu kubwa ya barabara kutoka Sultan Hamud hadi Mariakani ina njia moja kwenda na moja kurudi, na malori ni mengi. Anayetaka kulipita lori refu usiku hukadiria umbali wa taa zinazomjia, na macho hudanganya. Mara nyingine mbele huwa kuna lori lililoharibika, halina taa wala kibao cha onyo, limewekewa matawi tu nyuma yake. Mkiondoka saa kumi na moja na nusu asubuhi mtaona barabara vizuri punde tu, na mtafika Mombasa kabla ya jioni hata mkisimama mara nne.

Hakikisheni matairi yana upepo unaofaa, spea ni nzima, jeki ipo, na maji ya rejeta yamejaa. Beba vibao viwili vya onyo. Mwendo wa mijini ni kilomita 50 kwa saa: Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei ni miji yenye watoto, bodaboda na mbuzi, hata kama barabara inapita katikati kama haiwaoni. Ikiwa nyote wawili mna leseni, pokezaneni usukani. Ikiwa ni mmoja tu, mwenzake asilale. Kazi yake ni kuzungumza na dereva na kumwambia ukweli anapoanza kusinzia.

Kutoka Mtito Andei hadi Voi, takriban kilomita 95, barabara na reli zinapita kati ya mbuga mbili, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizoanzishwa kama mbuga moja mwaka 1948. Hapo mnaweza kuwaona ndovu wekundu kwa vumbi la udongo bila kulipa chochote. Msishuke garini kupiga picha. Nyani wanaokaa kando ya lami wamefunzwa na wasafiri kwamba gari maana yake ni ndizi. Kuwarushia chakula ni kuwaita wagongwe. Gari likiharibika hapo, washa taa za dharura, wekeni vibao, na msiende mbali na gari.

Msipite tu

Safari ya gari ina faida moja ambayo treni haina: mnaweza kusimama. Anzeni na Sultan Hamud penyewe. Mji huo una jina la Hamud bin Muhammed, Sultani wa Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, aliyefika hapo wakati reli ilipokuwa inajengwa. Wengi tumezaliwa karibu yake na hatujawahi kujiuliza sultani alitafuta nini Ukambani.

Makindu lipo hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, hukaribishwa kwa chai na chakula bila malipo. Masharti ni machache: vua viatu, funika kichwa, usiingie na sigara wala pombe, na usichukue chakula usichoweza kukimaliza. Anayetaka hutoa sadaka.

Mkiwa na muda na pesa za kiingilio, ingieni Tsavo Magharibi kwa lango la Mtito Andei mwende hadi chemchemi za Mzima, karibu kilomita 50 ndani. Mvua inyeshayo kwenye vilima vya Chyulu, ambavyo kwa upande mmoja ni vya Makueni, hupenya katika mawe ya volkano na kutokea Mzima ikiwa maji safi kabisa. Viboko na samaki huonekana humo. Sehemu ya maji hayo husafiri kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa. Kwa hiyo maji mtakayonywa mjini huenda yalianza kama wingu juu ya Kibwezi. Malipo ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hufanywa kwa njia ya mtandao, si pesa taslimu, na Mkenya hulipa bei ya raia akionyesha kitambulisho. Angalieni viwango kabla ya kuondoka kwa sababu hubadilishwa.

Mackinnon Road, kando ya reli, upo msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah, aliyekuwa msimamizi wa wafanyakazi wa reli kutoka Punjab. Wasafiri wengi, hata wasio Waislamu, husimama hapo kuomba safari njema.

Baada ya Mariakani minazi inaanza. Mkifika Mazeras, kipande kidogo nje ya barabara kuu ndipo Rabai, ambapo Johann Ludwig Krapf alianzisha misheni mwaka 1846. Leo pana makumbusho. Historia hiyo inatuhusu. Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara wa Kitui, alikuwa akipeleka misafara ya pembe za ndovu Pwani, na ni kupitia kwake Krapf alifika Kitui na kuuona Mlima Kenya mwezi Desemba 1849. Njia hii mnayoipita kwa saa saba, misafara ya Wakamba iliitembea kwa miguu kwa siku nyingi ikipitia nyika ya Taru isiyo na maji. Wengine hawakurudi: hadi leo kuna vijiji vya Wakamba Kwale na karibu na Rabai. Mkisalimia kwa Kikamba Shimba Hills, msishangae kujibiwa.

Mjini Mombasa

Ngome ya Yesu, au Fort Jesus, ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Waarabu wa Oman waliizingira kuanzia Machi 1696 na kuiteka Desemba 1698, karibu miaka mitatu ya njaa na maradhi ndani ya kuta hizo. Baadaye Waingereza waliifanya gereza. Iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Ingieni asubuhi kabla ya jua kukaza, kisha mtembee Mji wa Kale kwa miguu. Huo ni mtaa wa watu, si maonyesho: vaeni kwa heshima, ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na msalimie wazee kwa shikamoo.

Chakula cha asubuhi kiwe mahamri na mbaazi. Hizo mbaazi za nazi ni nzuu zetu zile zile tunazozichemsha na mahindi hadi tunazichoka. Wakulima wa Kasikeu wakionja, huenda wakaanza kuziangalia kwa jicho lingine.

Changamwe, kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulioundwa mwaka 1963. Kazi hii ilienea kwetu kutoka Wamunyu, kupitia kwa Mutisya Munge, aliyejifunza kwa Wazaramo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kununua hapo ni kununua kwa aliyechonga.

Kama mna nafasi ya sehemu moja tu nje ya mji, mwandishi wa makala haya angewapeleka Haller Park, Bamburi, kuliko ufuo wowote. Sababu ni mchanga. Kasikeu na maeneo yote ya Kilome tunajua mto unavyokuwa malori yakishachota mchanga wake: visima vinakauka, kingo zinabomoka, na kina mama wanatembea mbali zaidi na mitungi. Ndiyo maana kaunti yetu ilitunga Sheria ya Kuhifadhi na Kutumia Mchanga mwaka 2015. Bamburi napo palichimbwa, mawe ya chokaa ya kutengeneza saruji, hadi likabaki shimo jeupe lisilo na udongo na lenye maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Tatu tu ndizo zilizoweza kuishi, na mvinje ukawa bora kuliko yote. Lakini majani yake yalianguka na kulala chini bila kuoza, kwa hiyo hapakuwa na udongo mpya. Haller aligundua kuwa jongoo wekundu huyala majani hayo, akawaleta kwa wingi. Kinyesi cha jongoo kikawa mboji, mboji ikabeba miti mingine, miti ikaleta ndege. Leo ni msitu wenye twiga na viboko.

Nendeni mkauone kwa macho yenu. Mto si timbo, na mchanga haupandwi. Lakini anayesema mahali palipoharibiwa hapawezi kurudi hana tena kisingizio akishasimama chini ya mivinje hiyo.

Baharini

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa husogea kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au mwandamo, maji hutoka mbali sana na kurudi kwa kasi. Watu wa bara hutembea hadi kwenye miamba wakiokota kombe, kisha hugeuka na kukuta maji yamejaa kati yao na ufuo. Waulizeni wavuvi saa ya maji kujaa kabla ya kwenda. Asiyejua kuogelea asipite maji ya kiuno, hata kama mwenziwe anamcheka. Matumbawe na makombe yaacheni yalipo. Katika hifadhi za bahari kama Watamu na Malindi, zilizoanzishwa mwaka 1968, kuyachukua ni kosa. Bei ya mashua au ngamia patanisheni kabla ya kupanda, si baada ya kushuka.

Wanaoelekea Diani sasa wanaweza kupita barabara ya Dongo Kundu na kufika Kwale bila kupanda feri. Mkipanda feri ya Likoni, zimeni injini, vuteni breki ya mkono, tieni gia, na abiria washuke garini. Mwezi Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri hiyo na mama na mtoto wake wakafa. Hapo si mahali pa kuona uvivu wa kufungua mlango.

Pesa

Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita moja litatumia lita 62 hivi kwenda na kurudi, bila mizunguko ya huko. Zidisheni kwa bei ambayo EPRA hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi, kisha mwongeze robo. Ikiwa mnataka Mombasa mjini peke yake, semeni ukweli: treni kutoka Emali au Kibwezi ni nafuu kwa watu wawili, na hamtachoka. Gari lina maana mkiwa na nia ya kusimama njiani, au kwenda Watamu na Gedi.

Kubalianeni juu ya kiasi kabla ya kuondoka, na pesa za mafuta ya kurudi zikae kando, kwa yule kati yenu asiyependa kununua vitu. Bebeni vitambulisho nyote wawili. Nyumba nyingi za kulala wageni huviulizia. Hakikisheni mmesajiliwa SHA na bima ya gari haijaisha. Simu za dharura ni 999 na 112. Siku ya kurudi pia ni alfajiri: mkichelewa kwa ajili ya halua na mabuyu ya watoto, laleni Voi, mmalizie safari kesho yake kukiwa kweupe.