Meno Yaliyopandana: Je, Tumechelewa?

Mbona baadhi yetu hucheka tukiziba mdomo? Ni meno kupandana! Pengine taya ni dogo, au jino la utoto liling'olewa mapema na mengine yakaegemea pengo lile.

Watu husema ati kidato cha tatu umechelewa. Si kweli. Waya ukisukuma jino polepole, mfupa huyeyuka mbele yake na kujengeka upya nyuma, hata kwa mtu mzima. Kwa kawaida kazi huchukua miezi 18 hadi 24.

Taabu ni pesa, na wataalamu ni wachache, wengi wako Nairobi. Wazazi nao huona ni urembo tu, kumbe meno yaliyobanana ni magumu kusafisha. Basi tupige mswaki kila pembe, na tukaulize hospitalini. Kuuliza si ujinga.