Minga: salongo ya wakulima wa Andes

Wakati wa Mobutu salongo ilikuwa lazima, amri ilitoka juu. Ndiyo maana wengi wetu jina hilo bado linatuchokesha.

Kule Ekwado, kwenye milima ya Andes, Wakichwa wako na kazi kama hiyo: minga. Mfereji wa maji ukijaa udongo, mkutano wa kijiji unapanga siku, na kila nyumba inatuma mtu mmoja na jembe. Sekretere anaita majina; mwenye kukosa analipa faini waliyoipanga wenyewe. Hakuna mshahara, lakini maji yanafika mu shamba. Kisha wanatandika kitambaa chini, viazi na mahindi vinawekwa, wanakula pamoja.

Tofauti iko hapa: wenye kulima njo wenye kuamua. Basi mu koperativa, tuamue kwanza pamoja, halafu tushike jembe.