Mgeni Aliyepewa Jembe Siku ya Kwanza

Ndugu msikilizaji, wiki hii napenda tuzungumzie jambo ambalo limekuwa mtindo katika maofisi na makampuni ya mijini. Wafanyakazi hupewa fulana za rangi moja, hupakiwa kwenye basi na kupelekwa kijijini, hasa vijiji vya milimani vyenye mashamba ya ngazi. Huko hushika jembe kwa saa mbili tatu, huvuta kamba, hula nyama ya mbuzi, hupiga picha, na jioni hurudi mjini. Wakiulizwa, husema wamekwenda kujenga mshikamano kazini.

Mimi sina ugomvi na mshikamano. Watu wanaokaa chumba kimoja mwaka mzima bila kujuana wana haja ya kutoka nje na kutoana jasho. Ninachouliza ni hiki: wao wakirudi na mshikamano wao, mwenye shamba anabaki na nini?

Nauliza kwa sababu nami nimewahi kuwa ndani ya basi hilo. Miaka michache iliyopita, ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi ilitupeleka katika kijiji kimoja cha vilimani hapa Ngara. Kabla sijaeleza yaliyotokea, inafaa kwanza tuelewe shamba la ngazi linavyofanya kazi, maana wengi wetu siku ile hatukuelewa.

Mvua ikinyesha mlimani, maji hutafuta njia ya kushuka. Yasipozuiwa hupata kasi, na kasi hiyo ndiyo inayobeba udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba. Ukitaka kujua unakwenda wapi, simama darajani Rusumo wakati wa masika uyatazame maji yalivyo mekundu. Udongo wa vilima vyetu huingia Ruvubu, Ruvubu huingia Kagera, na Kagera humwaga Ziwa Viktoria.

Dawa yake ni kuyavunja maji nguvu. Mkulima huchimba mtaro unaokata mteremko, upana wake kiasi cha sentimeta 60 na kina kama hicho. Akirusha udongo upande wa juu, huitwa fanya juu. Akiurusha upande wa chini, huitwa fanya chini. Majina hayo ya Kiswahili yamekwenda mbali, na wataalamu wa udongo wa nchi za nje huyatumia vivyo hivyo katika vitabu vyao. Juu ya tuta hupandwa majani ya tembo ili mizizi ilishike. Maji yakishuka hukutana na tuta, husimama na kuacha udongo wake. Mwaka baada ya mwaka udongo hujaa nyuma ya tuta, na mteremko hugeuka kuwa ngazi. Mkono wa mtu huanzisha tu. Ngazi yenyewe hujengwa na mvua na miaka.

Lakini kuna sharti moja. Mtaro lazima ufuate usawa wa mlima. Wakulima hupima kwa miti mitatu iliyofungwa mfano wa herufi A, yenye jiwe linaloning'inia kwa uzi katikati. Wakishapima hupigilia vigingi, na mchimbaji hufuata vigingi hivyo. Mtaro ukiinama mahali pamoja, hata kwa kiasi ambacho jicho halioni, maji yote hukusanyika pale, hupasua tuta, na kushuka kwa nguvu kuliko kama usingekuwapo mtaro wowote.

Sasa turudi kwenye safari yetu. Tulifika saa nne asubuhi. Bwana shamba alikuwa amekwisha kupima na kupigilia vigingi. Mwendesha michezo wetu akatugawa makundi manne na kutangaza mashindano: kundi litakalomaliza kipande chake kwanza litapata zawadi. Tulichimba kama watu waliofukuzwa. Kundi letu liling'oa vigingi kadhaa kwa sababu vilituzuia kupita, na vingine vikatumika kuweka mpaka wa mchezo wa kuvuta kamba. Sikuona kosa lolote. Tulishinda, tukapigiwa makofi.

Wiki tatu baadaye nilirudi kijijini hapo na kinasa sauti, kutengeneza kipindi cha kilimo cha vuli. Nikaonyeshwa kipande chetu. Mvua kubwa ya usiku mmoja ilikuwa imepasua tuta katikati, pale tulipochimba bila vigingi. Maji yalikuwa yamepita katika shamba la maharage la mama mmoja mtu mzima aliye chini ya pale. Mama huyo hakuwa amealikwa kwenye shughuli yetu, wala nyama yetu hakuionja. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza jambo moja tu: "Baba, siku ile mlipokuwa mnashindana, mlikuwa mnashindana na nani?"

Sikuwa na jibu. Wanakijiji walitumia asubuhi nne kurekebisha kazi yetu ya saa mbili. Sisi ofisini tulichangishana tukampelekea mama yule mbegu, lakini maharage ya msimu ule yalikuwa yamekwisha kwenda na maji.

Ndugu msikilizaji, kuwapelekea watu wa milimani kazi bila kuwasikiliza hakukuanza leo. Katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Wakulima walilalamika kwamba kazi inawamalizia siku zao, na kwamba uchimbaji ule unafukua udongo usio na rutuba. Hawakusikilizwa. Mwaka 1955 vurugu zilizuka huko Matombo, mtu mmoja akapigwa risasi akafa, na mpango ule ukaachwa. Ngazi si jambo baya. Lililokataliwa ni amri ya mtu asiyelala njaa shamba likiharibika.

Linganisha na Machakos, Kenya. Huko nako wakoloni walitumia nguvu. Lakini baadaye Wakamba wenyewe, kwa vikundi vyao vya kazi vinavyoitwa mwethya, waliendelea kuchimba fanya juu kwa sababu waliona faida. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 watu wa huko walikuwa wameongezeka karibu mara tano, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua. Vikundi vile vilikuwa vya majirani. Aliyechimba leo kwa mwenzake alijua kesho mwenzake atachimba kwake, na alijua maji ya shamba la juu yataishia shamba la chini.

Huo ndio mshikamano ambao makampuni yanaufuata milimani, tena upo pale pale na hauhitaji fulana. Basi kwa wale wanaopanga safari hizi nina maombi matatu.

La kwanza, wakiulize kijiji kazi gani inahitajika na msimu gani. Huenda wakaambiwa leteni mawe, au bebeni mbolea, na jembe waachieni wenyeji. La pili, wasishindanishe watu kwa mwendo. Kama ni lazima kushindana, washindanishwe kwa usawa wa mtaro, na mwamuzi awe mkulima. Na mwenye shamba la chini aalikwe pia. La tatu, warudi. Baada ya mvua ya kwanza watume hata watu wawili wakaangalie kama tuta limesimama. Palipobomoka, gharama iwe yao.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zamani niliuelewa usemi huo kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu. Siku hizi nauona pia kuwa ni hekima ya mwenyeji. Siku mbili za mwanzo ni za mgeni kutazama, kuuliza, na kujua maji yanapita wapi. Sisi tulipewa jembe saa ya kwanza, na gharama yake aliilipa mama ambaye hata jina lake hatukulijua.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.