Sura ya 6: Mto Uliojaa Bila Mvua

Kitui na Makueni ni nchi ya mito ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni barabara za mchanga. Tiva, Thua na Kaiti huvukwa kwa miguu, kwa punda, hata kwa lori la kubebea mchanga wa ujenzi. Kina mama huchimba mashimo katikati ya mto, husubiri maji yajichuje, kisha huyachota kikombe kwa kikombe hadi mtungi wa lita 20 ujae. Halafu siku moja, bila wingu hata moja juu ya kijiji, mto hushuka ukinguruma. Mvua imenyesha kwingine, huko vilimani, na maji yamesafiri usiku kucha. Mtoto wa huko hufundishwa mapema: ukisikia mto unanguruma, toka mchangani.

Mpe mtoto huyo 2 Wafalme sura ya 3. Wafalme watatu, wa Israeli, wa Yuda na wa Edomu, wameungana kumpiga Mesha, mfalme wa Moabu. Wamezunguka nyikani siku saba na maji yamewaishia, wao na wanyama wao. Nabii Elisha anaitwa, anaomba aletewe mpiga kinanda, kisha anaagiza jambo la ajabu: bonde kavu lijazwe mahandaki. Upepo hawatauona, mvua hawataiona, lakini watakunywa. Kulipokucha, maji yakaja kutoka upande wa Edomu.

Msomaji wa mjini huona hapa maji yaliyotokea hewani. Msomaji wa Ikutha au Mavindini huona mto anaoujua. Anajua kwamba maji yale yalinyesha mahali fulani juu, mbali na macho ya jeshi. Anajua pia mahandaki yalikuwa ya nini: mto wa namna hii hupita kwa saa chache ukaacha mchanga ulivyokuwa, na asiye na shimo la kuyazuia maji atabaki na kiu yake. Muujiza haupungui kwa kujua hivyo. Sasa anaona ulipo: kwamba maji yalifika asubuhi ileile yalipohitajika, na kwamba kuna mtu aliyeambiwa mapema.

Kisha mpe kifungu hichohicho mhubiri mwenye haraka. Mahandaki yanageuka kuwa sadaka ya mbegu: chimba shimo lako kwa noti ya elfu moja, Mungu atalijaza. Hakuna neno alilolibuni. Mahandaki yamo, na maji yamo. Amekiacha tu kila kitu kingine. Maji yale yalikuwa ya jeshi zima na mifugo yao, hayakuwa zawadi ya mtu mmoja. Na sura yenyewe haikuishia kwenye maji. Aya ya 27, ya mwisho, inamsimulia Mesha akimtoa mwanawe mzaliwa wa kwanza kuwa sadaka juu ya ukuta wa mji, na Waisraeli wakiacha vita na kurudi kwao. Ni mwisho mchungu, na ni nadra kuusikia mimbarini.

Kinachowatenganisha wasomaji hawa ni muktadha. Kwa kiongozi wa kanisa, muktadha una duara tatu. Ya kwanza ni maneno yanayokizunguka kifungu: kilichotangulia, kinachofuata, na mahali sura inapoishia. Ya pili ni dunia ya walioandika na walioandikiwa: mashamba yao, wafalme wao, madeni yao, mvua yao. Ya tatu ni dunia ya msomaji mwenyewe, kwa maana hakuna anayefungua Biblia akiwa hana kwao.

Ukambani, nchi ya Wakamba yenye Kitui na Makueni ndani yake, una historia ndefu ya kuzungushwa katika duara hizi. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la misheni la CMS la Uingereza, alifika Kitui mwaka 1849 akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa misafara. Krapf alitumaini kwamba Wakamba, waliokuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na bidhaa, wangeweza kuibeba Injili hadi ndani ya bara. Mwaka 1850 Injili ya Marko ilichapishwa kwa Kikamba. Baadaye Walutheri wa Leipzig wakafungua vituo Ikutha na Mulango. Mwishoni mwa mwaka 1895 Peter Cameron Scott, Mskoti aliyekuwa amehamia Marekani, akaanzisha kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission huko Nzaui, Makueni. Alifariki Desemba 1896, kabla hata kazi haijashika mizizi. Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956.

Lakini kutafsiri maneno hakumalizi kazi. Aliyelionyesha hilo waziwazi kuliko wengine alikuwa mwana wa Mulango mwenyewe. John Mbiti alizaliwa huko mwaka 1931, akalelewa katika kanisa la Africa Inland, akasoma Makerere, kisha Marekani, na mwaka 1963 akapata shahada ya udaktari Cambridge. Utafiti wake, uliochapishwa kuwa kitabu mwaka 1971, uliuliza swali la kijijini kabisa: Mkamba anaposikia habari za mwisho wa dunia, anasikia nini?

Mbiti aliyachukua maneno moja baada ya jingine: moto, hazina, mji, machozi, mbinguni. Katika Agano Jipya maneno haya ni picha zinazomwelekeza msomaji kwa Kristo. Katika mafundisho yaliyofika Ukambani, aliona, picha ziligeuka kuwa ramani: mbinguni kukawa nchi ya mbali yenye chakula na raha, na waumini wakaisubiri ije upesi. Sababu moja, kwa maoni yake, ilikuwa namna Wakamba wa jadi walivyouhesabu wakati. Wakati uliopita ulikuwa mrefu mno. Wa mbele ulikuwa mfupi, na vitenzi vya Kikamba, kwa hesabu yake, havikuvuka miaka miwili hivi. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alizipa nyakati hizo majina ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Mtu asiye na wakati ujao wa mbali, akiambiwa Bwana anarudi, atauelewa ujio huo kuwa wa kesho au kesho kutwa.

Wengine walimpinga. Kwame Gyekye wa Ghana, kwa mfano, alikataa kwamba Waafrika hawana wazo la wakati ujao wa mbali. Hata hivyo swali la Mbiti halijachakaa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa ili kukutana na Yesu. Picha ikigeuzwa ramani, kuna watakaoifuata kwa miguu yao.

Basi, je, tiba ni kupata viongozi wenye shahada? Mbiti, aliyekuwa na shahada za kutosha, aliliwekea swali hilo mtego katika kisa cha kejeli alichokiandika. Msomi wa Kiafrika anarudi nyumbani baada ya miaka mingi Ulaya, amejaa lugha na vitabu. Kijiji kinamfanyia sherehe. Ghafla dada yake anapiga kelele na kuanguka. Amepandwa na pepo. Wote wanamgeukia msomi: wewe ndiwe uliyesoma, msaidie. Naye anakumbuka tu kwamba mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Bultmann, ameshaeleza kwamba pepo ni lugha ya hekaya. Msomi huyu aliijua duara ya pili kwa undani, na ya tatu ilimponyoka mbele ya dada yake.

Kosa la upande wa pili, la kuishika duara ya tatu peke yake, huonekana zaidi pale kifungu kinapogusa mamlaka na fedha za kiongozi mwenyewe. Chukua Zaburi ya 105, aya ya 15, ambayo hutumiwa kuwanyamazisha waumini wanaouliza hesabu: wapakwa mafuta wa Bwana hawaguswi. Rudi nyuma aya tatu tu. Wanaozungumziwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa watu wachache, wageni, wakihama kutoka taifa hadi taifa bila ardhi wala jeshi. Wanaokemewa ni wafalme. Aya hii inamlinda mhamiaji dhidi ya mtawala. Kiongozi anayeisoma kutoka kiti cha juu, akiwaelekezea walio chini, ameigeuza kichwa chini miguu juu. Daudi alikataa kumuua Sauli, mpakwa mafuta, lakini alimwambia kosa lake kwa sauti mbele ya watu. Nathani naye alimwambia Daudi lake. Na Timotheo aliagizwa asipokee shtaka dhidi ya mzee wa kanisa bila mashahidi wawili au watatu, kisha waliokosa wakemewe mbele ya wote. Yaani shtaka lipo, na lina utaratibu wake.

Au chukua Malaki 3:10, mstari wa zaka na ghala. Mkulima wa Makueni anajua ghala ni kitu gani: ni ikumbi, na ndani yake mna chakula. Ndivyo ilivyokuwa hekaluni pia. Kumbukumbu la Torati 14 linaeleza kwamba kila mwaka wa tatu zaka ya mazao iliwekwa mijini, wale Mlawi asiye na shamba, mgeni, yatima na mjane, wakashiba. Na kabla Malaki hajafika kwa watu wanaozuia zaka, ametumia sehemu kubwa ya sura ya kwanza na mwanzo wa ya pili kuwakaripia makuhani kwa kuidharau madhabahu. Anayehubiri 3:10 anapaswa kwanza kuhubiri 2:1, inayomhusu yeye. Kisha ahesabu ni wajane wangapi wamekula kutoka ikumbi la kanisa katika mwaka wa ukame.

Wenyeji wa nchi kavu, kwa hiyo, wameitangulia kwa mengi Biblia ya darasani. Musa anapowaambia watu kwamba Kanaani si kama Misri, ambako shamba lilinyweshwa kwa kazi ya mguu, bali ni nchi inayokunywa mvua ya mbinguni, mkulima wa Mutomo hahitaji kuelezwa zaidi. Ayubu anapowafananisha marafiki zake na kijito kinachokauka siku za joto, hata misafara ya Tema ikakifikia na kutahayari, wajukuu wa misafara ya Kivoi wanaijua aibu hiyo.

Ila ujuzi wa nyumbani nao unaweza kudanganya. Yakobo, katika waraka wake sura ya 5, anamsifu mkulima anayesubiri kwa saburi mvua ya kwanza na ya mwisho. Ukambani kuna misimu miwili ya mvua, ile ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba, ambayo ndiyo wakulima wanaitegemea zaidi; kati yake kuna ukavu, na kila msimu una mbegu zake na mavuno yake. Ni rahisi kusoma: mvua hii ikikosa, nyingine inakuja, tutapanda tena. Palestina msimu ni mmoja. Mvua ya kwanza hulainisha ardhi ipandwe karibu na Oktoba. Ya mwisho, karibu na Machi, hukomaza nafaka ileile. Mkulima wa Yakobo hana mbegu ya pili. Anaisubiri mvua ya mwisho akiwa ameshaweka kila alichonacho ardhini, na hapo ndipo uzito wa neno saburi ulipo.

Kwa sababu hiyo duara hizi hazishikwi na mtu mmoja. Mchungaji aliyesoma Chuo cha Theolojia cha Scott, kilichofunguliwa Machakos mwaka 1962 na kupewa jina la yule aliyefia Ukambani, anaweza kuleta habari za mvua ya Palestina. Habari za mto anazo mama anayechota. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, mwaka 1976, walizipa jumuiya ndogondogo kipaumbele katika uchungaji wao, na makanisa mengine nayo yana vikundi vyao vya nyumbani. Mara nyingi mikutano hii huwa mahali pa kurudia mahubiri ya Jumapili. Ingeweza kuwa mahali pa kuyaandaa.

Wakamba wana neno la kazi ya namna hiyo: mwethya. Ni kikundi cha majirani, wengi wao wanawake, wanaokwenda shamba hadi shamba kuchimba matuta, au kujenga ukuta wa zege kukata mto wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji. Mwethya hauna fundi anayechimba huku wengine wakipiga makofi. Kila mtu ana jembe, na kila mtu anaweza kusema hapa mwamba uko karibu, hapa hapana.

Mbiti alimaliza maisha yake kwa kazi ya jembe la mkono. Alikuwa amefundisha Makerere, akaongoza Taasisi ya Kiekumene ya Bossey na kuhudumu kama mchungaji Burgdorf, Uswisi. Uzeeni alirudi kwenye maneno ya Mulango, akatafsiri Agano Jipya lote kutoka Kigiriki hadi Kikamba. Lilitoka mwaka 2014, miaka mitano kabla hajafariki. Tafsiri hiyo sasa iko mikononi mwa wasomaji ambao hakuwahi kuwaona, na yatakayotokea yanategemea atakayekaa nao. Kiongozi anayejiandaa kuhubiri 2 Wafalme 3 anaweza kuanza Jumamosi, kando ya mto, kwa kumuuliza mama mwenye mtungi: maji ya bila mvua hutoka wapi? Kisha amsomee sura nzima, hadi aya ya 27, na amsikilize anachosema juu ya yule mtoto wa Mesha.